Kusoma Umunganga na Mutoto Mugongoni



Wale waliokuwa kwenye kikao cha mwezi uliopita wanajua tulivyobishana mpaka taa ikazimika. Wale ambao hawakuwako, jambo ni hili. Binti wa mwanachama mwenzetu, muuguzi wa A1, amepata nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo ili awe munganga. Ana mutoto wa miaka miwili. Ameomba chama kimukopeshe kutoka kwenye sanduku, alipe tiketi mbili, yake na ya mutoto. Hapo kelele ilianza. Papa mumoja, ambaye ninamuheshimu, alisema: "Alee kwanza mutoto. Masomo haikimbiake." Mama mwingine akasema mutoto abaki kwa koko yake, tiketi iwe moja tu. Halafu ikaja ile sentensi iliyoniondolea usingizi: "Banganga ba kwanza ba Congo baliendaka Ulaya peke yao, kichwa wazi, bila mambo ya batoto. Ndiyo maana balifaulu."

Sekretari aliona nimenyamaza, akanikamata kwenye mulango: "Mama, weye uliendaka kule. Andika kitu kwa gazeti yetu." Basi naandika. Sitasema mambo yangu tu, juu mutu mumoja si ushahidi. Nitaanza mbali kidogo, kwenye muto wetu.

Ukitoka Isangi, pale Lomami inapoingia kwenye muto Congo, ukapanda kwenda Kisangani, ni kilometa kama 125. Baleniere inapita Yangambi, na kabla ya kufika muji inapita Yakusu. Vijana wanapita pale wakiangalia simu. Mimi kila mara nasimama niangalie, juu umunganga wa upande wetu ulianzia pale.

Yakusu ilikuwa misioni ya Wabaptisti wa Uingereza, tangu mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1920 alifika munganga Mwingereza, Clement Chesterman. Alikuta malale, ule ugonjwa wa kulala, inamaliza vijiji. Dawa mupya, tryparsamide, ilikuwa inajaribiwa wakati uleule Léopoldville na munganga wa Marekani, Louise Pearce. Ndiyo, munganga mwanamuke, mwaka 1920, kwenye inchi yetu. Wale waliopiga kelele kwenye kikao wasome tena musitari huu. Chesterman alikuwa mumoja wa wanganga wa kwanza kuitumia dawa hiyo vijijini. Ilikuwa dawa ya sindano, ya kurudia wiki kwa wiki, na ilikuwa kali: ikitumiwa vibaya inaharibu macho. Munganga mumoja hawezi kudunga sindano kila wiki Yakusu, na Isangi, na kwa Watopoke, na kwa Wambole, siku ileile. Kwa hiyo alichukua vijana wa hapa, akawafundisha darubini ya kuangalia damu, sindano, vidonda, na kuandika kila mugonjwa kwenye kitabu. Kisha akawatuma kwenye zahanati ndogo kando ya muto na ndani ya pori. Chesterman alirudi kwao mwaka 1936; aliyekamata kazi nyuma yake, Stanley Browne, aliendelea na shule ile, akajulikana dunia nzima kwa kazi yake ya ukoma pale Yalisombo.

Vitabu vinawaita wale wauguzi wa kwanza "vijana", "boys". Neno hilo linadanganya. Muvulana anaingia shule akiwa kijana, lakini anapotumwa kwenye zahanati ameshaoa, na mwaka unaofuata kuko mutoto. Wamisionari wenyewe walitaka hivyo: nyumba ya muuguzi iwe mufano kwa kijiji, sahani zimepangwa, mutoto amenawishwa. Maana yake muke wa muuguzi alikuwa kazini pia, bila mushahara na bila diploma. Wagonjwa wanatoka mbali na mutumbwi, wanalala pale siku tatu. Nani analima shamba linalolisha ile nyumba? Si yule aliyeinama kwenye darubini.

Na ugeni ulikuwa pale pale. Sisi leo tunaposema "ng'ambo" tunafikiri ndege. Lakini Mulokele wa pembeni ya muto akitumwa ndani ya pori kwa Wambole, alikuwa mugeni kabisa. Chakula kingine, lugha nyingine, watu wanaomuangalia kwa mashaka juu anatoboa watu na sindano. Misioni ilifundisha kwa Kilokele, serikali ilisema Lingala, mitihani mikubwa ilikuwa Kifaransa. Lugha tatu kichwani, na watoto wake wanacheza na wenzao kwa lugha ya nne. Waliorudi kutoka Ulaya wanaijua hali hiyo. Nasema tu kwamba haikuanza na sisi.

Kulikuwa pia na mambo ya kufurahisha roho. Mupira wa miguu ulipigwa sana Yakusu. Na kulikuwa na kinga. Muuguzi mwenye kinga alikuwa mutu mukubwa. Ilimpeleka kazini, na ilimpeleka pia kutembea tu, aonekane. Wenye toleka wa Kisangani leo hawajui wanakalia kiti cha nani.

Halafu kuko ngoma. Niruhusuni nikae hapa kidogo, juu nitarudi kwake mwishoni.

Mwaka 1938 alikuja Yakusu Mwingereza mwingine, John Carrington. Huyu hakuwa munganga, alikuwa mwalimu. Alisikia ngoma ya Walokele, lile gogo lililochimbwa ndani na kuachiwa mudomo murefu, upande mumoja unatoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini, akaelewa kwamba si kelele ya ishara tu: ni lugha yetu yenyewe, iliyovuliwa herufi ikabaki na kupanda na kushuka kwake. Maneno mengi yanapanda na kushuka sawasawa, hivi ngoma haiwezi kusema "mwezi" au "kuku" kwa neno moja, utachanganyikiwa. Inasema jina refu, kuku na kilio chake, mwezi na namna unavyotuangalia huku chini, mpaka maana inabaki moja tu. Carrington alijifunza kupiga mwenyewe. Ilianza kama kitu cha saa za kupumuzika, ikamaliza kuwa kitabu, mwaka 1949, ambacho watu wa simu na kompyuta bado wanakisoma. Muke wake alikuwa anatumia ngoma kumuita kutoka pori aje kula. Na huyu mutu alikuwa na shule ya kuendesha, na familia. Hakungoja kumaliza kazi ndipo aanze kupenda kitu.

Kwenye ngoma, kila mutu ana jina lake, na jina kamili lina sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Mukumbuke hiyo sehemu ya tatu.

Sasa tuje kwa wale ambao papa alisema walienda "kichwa wazi".

Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ilifungua Léopoldville shule ya wale walioitwa asistanti medikali. Walisoma miaka mingi, ndani ya lopitali na kalasini, kisha walifanya karibu kazi yote ya munganga: walipasua, walizalisha, waliongoza lopitali ya pori munganga Mubelgiji akiwa likizo. Lakini hawakuitwa wanganga, na mushahara haukuwa wa munganga. Kwa umunganga wenyewe ilibidi kungoja Lovanium ifunguliwe mwaka 1954, na masomo ni marefu, hivi wa kwanza wake walitoka mwaka 1961.

Angalieni hesabu hiyo vizuri. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 tunapata uhuru. Congo ilikuwa na wanganga zaidi ya 700, na kati yao hakukuwa hata Mukongomani mumoja. Mwezi wa saba askari wanaasi, Wabelgiji wanakimbia, na wanganga wengi wanaondoka nao. Lopitali nyingi zilibaki mukononi mwa wauguzi na asistanti medikali. Ndio waliofungua mulango asubuhi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilileta wanganga kutoka inchi nyingi, hata Haiti, kuziba tundu. Na lilifanya kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kikubwa zaidi: liliwapa asistanti medikali kama 60 bursi, likawatuma kwenye vyuo vikuu vya Ufaransa wakamalize umunganga.

Watu hao hawakuwa wanafunzi wa miaka 18. Toa miaka ya shule, weka miaka ya kazi porini, utakuta mutu wa miaka 30, wengine zaidi. Niambieni, enzi ile, kwenye inchi hii, mutu wa miaka 30 mwenye mushahara wa serikali alikuwa bila muke na bila watoto? Papa yangu, hapana. Kama familia ilibaki, basi kuko mama aliyelea watoto peke yake kwenye miaka ile mibaya kuliko yote, vita Katanga, vita Kasai, mushahara wa bwana haufiki, barua inachelewa. Kama familia ilienda, basi kuko mama aliyetafuta unga na makaa ya kuota moto ndani ya muji wa Ufaransa, bwana wake akisoma anatomia kwenye meza ileile ya kula. Njia yoyote, mutu alilipa. Jina lake tu halikuandikwa kwenye diploma.

Na walifaulu, ni kweli. Wengi wao walirudi mwaka 1963 na 1964 wakiwa wanganga kamili. Lakini walifaulu juu ya nini? Juu miaka yao ya zamani haikutupwa. Ilihesabiwa. Hawakuanza tena kalasi ya kwanza na watoto wa sekondari. Waliingizwa katikati, wakabakiza kama miaka mitatu. Na juu bursi ililipa chakula, hivi hawakulazimika kuosha sahani usiku. Mukiondoa vitu viwili hivyo, hata wale vichwa wangekwama.

Walirudi kwenye moto. Tarehe 5 mwezi wa nane 1964 Wasimba waliingia Stanleyville, na muji ulitoka mukononi mwao tarehe 24 mwezi wa 11. Wazee wa Isangi wanajua nini kilipita hapa kwenye miezi ile, na nini kilifuata askari waliporudi. Sitaandika, wengine wasomaji walikuwa watoto ndani yake. Nasema tu kwamba kurudi na diploma hakukuwa siku ya sikukuu. Ilikuwa kurudi kazini.

Wote hao ni wanaume. Wanawake walikuwa wapi? Walikuwa kwenye shule za kushona na kuzalisha. Mukongomani mwanamuke wa kwanza kumaliza chuo kikuu ni Sophie Kanza, Genève, mwaka 1964, tena si umunganga, ni sosiolojia; miaka miwili nyuma akawa waziri. Mwaka 1964! Mama yangu alikuwa ameshazaa mara mbili. Kwa hiyo tunaposema "tufanye kama wale wa kwanza", binti yetu hana wa kwanza wa kufuata, isipokuwa sisi tuliojaribu juzijuzi, na baadhi yetu hatukumaliza.

Mimi sikumaliza. Naandika hiyo bila haya.

Niliondoka Kisangani miaka michache nyuma ya vita ya siku sita, ile ya mwezi wa sita 2000, wageni wawili walipopigania muji usio wao. Nilikuwa muuguzi, miaka kumi ya kazi. Ubelgiji, biro moja iliangalia diploma yangu na kunijibu kwa barua ya musitari mitatu: nilikuwa na haki ya kuosha wazee na kubadilisha mashuka. Nilikuwa nimezalisha wanawake kwa taa ya petroli, sasa naambiwa nisiguse sindano. Nikafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, Bruxelles. Pale ndipo nilikutana na Ate.

Ate si jina. Kwa Wafilipino ni namna ya kumuita dada mukubwa, sawa sisi tunavyosema yaya. Alikuwa muuguzi kutoka Iloilo, ametangulia kazini miaka minne, na wote tulimuita hivyo, hata Wabelgiji. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba yaliyonipata si bahati mbaya ya mutu mumoja. Inchi yake ilikuwa chini ya Marekani tangu 1898. Wamarekani walijenga shule za wauguzi tangu mwanzo wa karne ya 20, za Kiingereza. Nyuma ya 1948 wauguzi wakaanza kwenda Marekani kwa wingi "kubadilishana ujuzi", na wengi walibaki. Mwaka 1974 serikali ya Marcos iliandika kwenye sheria ya kazi namna ya kutuma watu ng'ambo, ikawa kama kahawa au dhahabu kwetu: kitu cha kuuza nje. Miaka ya 2000 ilifika mahali wanganga kamili wa Filipino walirudi kalasini kusoma uuguzi, juu muuguzi anapata viza na munganga hapati. Yule aliyekuwa wa kwanza kwenye mutihani wa umunganga wa inchi nzima, mwaka 2004, alitangaza kwamba anaenda Marekani kuwa muuguzi, na magazeti ya kwao yalilia. Ate alinieleza hiyo tukiwa tunakunja mashuka. Alicheka. Kicheko kile sikukipenda.

Nikajiandikisha umunganga, kalasi ya kwanza, na miaka 35. Binti yangu alikuwa na mitatu. Bwana yangu aliendesha basi ya usiku. Saa zetu zilikuwa hivi: mimi natoka nyumba ya wazee saa nane, nakamata masomo ya nyuma ya muchana, bwana analala, mutoto yuko shuleni. Lakini Jumatano shule za kule zinafunga saa sita. Ile Jumatano ndiyo ilinimaliza, kuliko kemia. Ate alisema: "Mulete kwangu." Miaka mbili, kila Jumatano, binti yangu alikula wali na samaki kwa Mufilipino. Akajua kuimba na ile mashine yao ya karaoke kabla hajajua nyimbo zetu.

Na hapo nilifanya kosa langu, ambalo naandikia hasa binti yetu anayeondoka. Nilikuwa naimba kwaya, Matonge, kila Jumamosi. Nilipoona saa hazitoshi nilikata kwaya kwanza. Nilisema ni muchezo, masomo ni kazi. Sikujua kwamba kwaya ndiyo ilikuwa mahali pekee mutoto anaposikia Kiswahili na Lingala kwa midomo ya watu kumi na tano, wakigombana, wakicheka, wakipika lituma na sombe. Nilikata saa tatu za wiki nikafikiri nimepata saa tatu. Mwaka mumoja nyuma mutoto ananijibu kwa Kifaransa. Na mimi mwenyewe nilikauka. Kusoma bila kuimba kulinifanya nisome polepole zaidi. Ate, na kazi zake zote mbili, hakuachaka karaoke yake ya Jumapili. Nilimuona mujinga. Sasa sioni hivyo.

Kalasi ya kwanza nilipita kwa kurudia. Kwenye ya pili mutoto alilazwa na pumu, wiki ya mitihani. Nilikaa kando ya kitanda chake na kitabu cha fiziolojia, sikufungua hata ukurasa. Hakuna aliyenifukuza. Nilihesabu tu: miaka iliyobaki, pesa, umri, na nikafunga. Mungejua jambo linalouma: kwenye lopitali ile nilisoma karatasi ya mutoto wangu na nikaelewa kila kitu. Miaka yangu kumi ilikuwa palepale kichwani. Hakuna aliyeihesabu.

Kuhusu kumuacha mutoto kwa koko. Mama uliyesema hivyo, najua ulisema kwa moyo muzuri, na kuko nyumba ambamo hiyo ndiyo njia pekee. Lakini nisikie. Ate aliacha wake wawili kwa mama yake. Kila miezi michache alijaza lile sanduku kubwa la karatasi wanaloita balikbayan, maana yake "arudiye inchini", jina lilelile ambalo chama chetu kingeweza kujiita: sabuni, kahawa, viatu vya namba ya mwaka jana. Viatu vilifika vidogo. Alipoenda likizo, wa mwisho alimuita koko yake "Mama". Yeye mwenyewe alimuita "Ate", kama sisi tu kazini.

Tulirudi mwaka 2015. Binti yangu alikuwa na miaka 12, Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, Kilokele hata neno. Kijijini kwangu, kando ya Isangi, kulikuwa bado muzee mumoja anayejua ngoma. Wengine wameshakufa, na vijana hawajifunzi. Nilimupeleka binti tumusalimu. Nilikuwa na haya, nikaanza kujitetea: amezaliwa kule, hajui kitu, tumusamehe. Muzee hakunisikiliza. Alimuuliza jina, akauliza la baba yake. Halafu akasema, "Na kijiji cha mama yake ni hapa," akachukua fimbo zake mbili na kupiga lote. Sehemu ya tatu ilikuwa tayari inamungoja. Ilikuwa inamungoja tangu Bruxelles, na mimi sikujua kwamba namubebea. Binti aliuliza kwa Kifaransa kama anaweza kurekodi na simu.

Turudi kwa jambo la sanduku letu. Mimi nasema tumukopeshe tiketi mbili. Na zaidi ya pesa, kuko karatasi. Kabla hajapanda ndege aende shuleni alikosoma, aombe karatasi ya saa zote za masomo na mazoezi yake, somo kwa somo, na muhuri, na barua ya kila lopitali aliyofanya kazi. Si diploma tu. Wale wa 1960 walikuwa na OMS nyuma yao kusema "hawa muhesabu miaka yao". Yeye atakuwa na karatasi tu, basi ziwe nyingi. Kuko wanachama wawili wanaojua ofisi za Kisangani na ngazi zake. Wamusindikize, juu peke yake atazungushwa mwezi muzima. Na atafute mutu wa Jumatano kabla ya kutafuta kitabu. Nitamupa namba ya watu wa kwaya.

Papa ambaye sentensi yake ilinifanya niandike, tutaonana kikao kijacho, na nitakuletea chai. Zamu yangu ya likelemba ni mwezi wa saba. Nimemuambia mutunza-sanduku aandike jina la binti pahali pa langu. Hiyo inatosha tiketi moja na nusu ya dosie ya viza. Inabaki ya mutoto: kama angekuwa chini ya miaka miwili angelipa kidogo sana, kukaa magotini. Amepita miaka miwili kwa wiki tatu.